Nukta Inazimika, Inahama, Haionekani: Kabla Hujanunua Redi Doti Nyingine ya Bastola ya Mashindano

Jumamosi moja pale Kirigiti, Kiambu, mwenzangu mmoja alinifuata amekunja uso. Risasi zake zilikuwa zinakwenda kushoto tangu steji ya pili, na swali lake lilikuwa moja tu: anunue redi doti gani (kilengeo cha nukta nyekundu kinachofungwa juu ya bastola), maana hii aliyo nayo imekufa. Tukaenda kwenye meza ya usalama, bastola tupu, slaidi (chuma cha juu kinachokwenda na kurudi) nyuma. Nikakibana kilengeo kwa vidole viwili, nikakisukuma kulia na kushoto. Kikacheza. Skrubu ya kushoto niliimalizia kuifungua kwa ukucha.

Kilengeo kilikuwa kizima. Skrubu ndiyo iliyofungwa ikiwa na mafuta. Tangu siku hiyo, anayeniuliza "ninunue ipi" namrudishia swali: hiyo uliyo nayo inakusumbua vipi? Vilengeo vizuri bei yake inakaribia pikipiki iliyotumika, na nimemwona mtu akinunua cha pili, kisha cha tatu, ugonjwa ukimfuata tu kwa sababu ulikuwa jichoni mwake.

Kabla ya kugusa chochote: magazini nje, slaidi nyuma, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole uhakikishe. Ukiwa uwanjani, kazi hii hufanyika kwenye meza ya usalama peke yake, na risasi haziruhusiwi mezani hapo hata ziwe za mazoezi. Ukiwa nyumbani, risasi zikae chumba kingine.

Na ujue unachokishika. Kilengeo cha nukta nyekundu si leza; hakuna mwali unaokwenda kwenye shabaha. Ndani yake kuna taa ndogo ya LED inayomulika kioo kilichopinda kidogo na kupakwa utando maalumu. Utando huo unarudisha rangi nyekundu kwenye jicho lako na kuachia rangi nyingine zipite. Basi mahali pa kutafuta ubovu si pengi: taa na umeme wake, kioo, mahali kilipofungwa, jicho linalotazama, na mkono unaoshika. Mimi huanza na vile viwili vya mwisho. Hakuna anayependa, lakini ni bure.

Nukta ina mkia, au imekaa kama nyota

Unawasha, badala ya nukta ya mviringo unaona alama ya mkato, au kishada cha nukta tatu, au kitu kama mwanga wa taa ya barabarani kwenye kioo cha gari chenye maji. Wengi husema hapo hapo kuwa wameuziwa feki.

Toa simu. Weka kamera nyuma ya kioo, mahali jicho linapokaa, upige picha ya nukta dhidi ya ukuta. Ikitoka mviringo kwenye picha, kilengeo hakina kosa. Ni jicho lako lina astigmatizimu, yaani uso wa mbele wa jicho haukupinda sawasawa pande zote. Kuna jaribio jingine lisilohitaji simu: tazama nukta kisha inamisha kichwa upande mmoja bila kuigeuza bastola. Mkia ukizunguka pamoja na kichwa, ni jicho. Ukibaki pale pale, geuza bastola kichwa kikiwa wima; mkia ukifuata bastola, hapo ndipo uanze kushuku taa au uchafu ulioikalia.

Kabla ya kwenda kwa daktari wa macho (na uende, maana huenda hata kuendesha gari usiku kunakuchosha kwa sababu hiyo hiyo), punguza mwanga. Nukta kali kupita kiasi humwagika hata kwa jicho zima. Mwanga unaofaa ni ule unaokuwezesha kuiona nukta bila kuitafuta, na shabaha nyuma yake ikabaki wazi. Wenye astigmatizimu baadhi yao hupata nafuu kwa nukta ya kijani, na wengine kwa kilengeo chenye duara kubwa kuzunguka nukta, kama Holosun 507C yenye nukta ya MOA 2 ndani ya duara la MOA 32 (MOA ni kipimo cha pembe; namba ikikua, alama inakuwa kubwa). Duara likichafuka pembeni, katikati yake bado unaijua. Lakini usinunue kwa kusimuliwa. Omba uwanjani, tazama kwa jicho lako na miwani yako ya kupigia shabaha, ndipo ulipe.

Nukta inazimika ukipiga, kisha inarudi

Hili ni la umeme, na karibu kila mara ni betri na mguso wake. Kilengeo kilichofungwa juu ya slaidi kinapata vishindo viwili kwa kila risasi: slaidi inaporudi nyuma na inapogonga mbele kufunga. Betri bapa ndani yake, mara nyingi CR2032, inarushwa huku na huku, na kama chuma cha mguso kimelegea, umeme unakatika kwa kitambo cha kupepesa jicho. Kwa shabaha iliyosimama hutajua. Kwa risasi mbili za haraka, ya pili unaipiga gizani.

Fungua chumba cha betri. Tazama kama mguso umelala au una kutu. Kisha itazame betri yenyewe, hasa kama umeinunua karibuni. Baadhi ya watengenezaji wanazipaka betri hizi dawa chungu ili mtoto akiiweka mdomoni aiteme. Jambo jema kabisa, ila utando ule haupitishi umeme vizuri, na vyombo vingine hukataa kuwaka au huwaka kwa kusitasita. Betri mpya, pakiti imefunguliwa sasa hivi, na nukta inapepesa! Mtu anarudisha kilengeo dukani kwa ukali. Futa betri pande zote mbili kwa kitambaa chenye spiriti, ikauke, rudisha. Ikiendelea, jaribu betri ya chapa nyingine isiyopakwa.

Kama nukta haizimiki kwa kishindo bali unaikuta imelala unapofika mstari wa kupigia, soma maelezo ya kilengeo chako. Vingine hulala baada ya muda bila kutikiswa na huamka ukisogea. Kwenye holista kiunoni huwa vinaamka vyenyewe. Mimi nina mazoea ya zamani: mwamuzi akisema nijaze, natazama nukta kwanza, ndipo magazini iingie.

Betri inapobadilishwa wapi ni swali la kuuliza kabla ya kununua, si baada. Trijicon RMR ya Type 2 betri yake iko chini, kwa hiyo lazima uifungue kutoka kwenye slaidi kisha uhakikishe ziro upya, yaani nukta na mahali risasi inapogonga vilingane. SRO ya kampuni hiyo hiyo inafunguliwa juu. 507C ina kitrei cha ubavuni. Kwa mtu wa mashindano, hilo peke yake linaweza kuamua.

Ziro inahama

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na hapa ndipo pa kwenda taratibu.

Kwanza, imehama kweli? Weka bastola juu ya mfuko wa mchanga, mita 25 ukiweza, upige risasi tano, kisha tano nyingine bila kugusa chochote. Makundi mawili yakiwa mahali pamoja lakini si katikati, kilengeo kimekaa imara na kinahitaji kurekebishwa tu. Kundi la pili likihama kutoka la kwanza, kuna kitu kinacheza. Matundu yakitawanyika kama mtama uliomwagika, jiulize kuhusu mkono au risasi kabla ya kuulaumu mtambo.

Risasi zenyewe huhamisha ziro, na watu husahau. Uliweka ziro kwa risasi za uzito wa grain 115, kisha rafiki akakugawia za 147. Zinapita na mwendo tofauti na kishindo tofauti, zinagonga mahali tofauti. Weka ziro kwa risasi utakayoshindana nayo, na uiandike kwenye kisanduku.

Zikiwa ni zile zile, rudi kwenye skrubu. Fungua kilengeo. Chini yake, mara nyingi utakuta alama ya kung'aa mahali chuma kimesuguana na chuma, na tope jeusi la mafuta na masizi. Hiyo alama inakuonyesha kilikuwa kinasogea upande gani. Safisha yote kwa spiriti au asetoni: matundu ya slaidi, skrubu, chini ya kilengeo. Hakuna mafuta hapo, hata tone. Angalia kama kati ya kilengeo na slaidi kuna bati la kuunganishia, maana bati nalo lina skrubu zake, na mara nyingi zilizolegea ni hizo za chini zisizoonekana. Unaweza kukaza za juu mpaka Krismasi.

Paka tone dogo la Loctite ya bluu, gundi ya skrubu, kwenye nyuzi za skrubu, funga kwa bisibisi ya kupima nguvu, kidogo upande huu kidogo upande ule mpaka zifike pamoja. Kwa RMR, Trijicon hutaja paundi-inchi 12, ambazo ni karibu niutoni-mita 1.4. Ni kidogo kuliko mkono wa mwanamume mwenye hasira unavyodhani. Ukizidisha, kichwa cha skrubu hukatika na kipande kikabaki ndani ya slaidi, hapo utamtafuta fundi mwenye mashine. Acha saa 24 gundi ishike. Usipige kesho yake asubuhi kwa sababu tu kuna mashindano.

Mwisho, chukua rangi ya kucha, chora mstari mmoja kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa kilengeo. Mstari ukivunjika, skrubu imegeuka. Mimi natumia nyeupe ya mke wangu, na ameshazoea.

Ukimaliza ndipo urekebishe, na hesabu si ngumu. MOA 1 ni karibu milimita 7 kwa mita 25, na karibu milimita 3 kwa mita 10. Kilengeo kinachosogea MOA 1 kwa kliki moja (mlio mmoja wa kifundo cha kurekebishia), kundi likiwa sentimita 4 kushoto kwa mita 25, kinahitaji kliki tano au sita kwenda kulia. Kosa hilo hilo la sentimita 4 kwa mita 10 lingekuwa kliki 14 hivi. Ndiyo maana anayeweka ziro kwa mita 7 kisha akageuza kliki mbili huona hakuna kilichobadilika, akaamini vifundo vya kurekebishia vimekufa.

Ukichomoa, nukta haipo

Bastola imefika mbele ya uso, kioo kiko wazi, nukta hakuna. Unaanza kuchezesha mkono kama mtu anayetafuta mtandao wa simu. Muda unakwenda.

Kilengeo hakina kosa hapa, na kioo kikubwa kitalificha tatizo tu. Nukta hufuata mtutu: mtutu ukielekea juu ya mstari wa jicho, nukta hukimbilia juu na kutoka nje ya kioo, ukielekea chini, hutokea chini. Waliozoea vilengeo vya chuma wana ugonjwa wa kwanza. Nukta inakaa juu kuliko vyuma vya kawaida, nao huinyanyua bastola kwa kutanguliza mtutu, kisha hungoja jicho lishuke kutafuta.

Nyumbani, bastola tupu, chagua swichi ya taa ukutani. Itazame swichi, funga macho, chomoa na unyooshe mikono kama kawaida, fungua macho. Usiisogeze bastola. Kama nukta haionekani, inamisha mtutu taratibu. Ikitelemka kutoka juu, umepata jibu. Shika mpini kwa nguvu zaidi kwenye kidole cha mwisho, kunja vifundo vya mikono kidogo mbele, na mwisho wa safari bastola ije kwa kusukumwa mbele kama droo inayofungwa, isije ikipanda. Mara ishirini jioni, kila jioni, wiki tatu. Hakuna duka linalouza hii.

Jambo la pili ni mahali jicho linapotazama. Kwa vyuma ulifundishwa kutazama kile cha mbele. Kwa nukta unatazama shabaha, macho yote mawili wazi, na nukta inakuja yenyewe juu ya unachokitazama. Ukitaka kujua kama unaifuata nukta, bandika kipande cha tepu mbele ya kioo. Anayetazama shabaha ataona shabaha kwa jicho moja na nukta kwa jingine, ubongo uviunganishe, apige vizuri tu. Anayetazama nukta ataona tepu. Na nukta ikiwa pembeni mwa kioo, usipoteze muda kuirudisha katikati. Ikiwa juu ya shabaha, bonyeza.

Baada ya hayo yote ndipo kioo kikubwa kinapostahili pesa yako. SRO ina kioo cha milimita 25 kwa 22.5, RMR ni milimita 22 kwa 16. Kwenye mashindano, mtutu unaporuka na kurudi, nukta inakaa ndani ya kioo kikubwa muda mrefu zaidi, nawe unaiona ikitoka na kurudi. Ni msaada wa kweli kwa mkono ulioiva.

Asubuhi iko sawa, saa sita imepotea

Kilengeo chako kinajipimia mwanga chenyewe. Kihisi kipo juu ya kilengeo, hapo ulipo, si kule iliko shabaha. Ukisimama chini ya paa la mabati huku shabaha iko kwenye jua la utosi, kihisi kinaona kivuli, kinapunguza nukta, nayo inamezwa na karatasi nyeupe. Kwa mashindano nunua kinachokubali mwanga wake kupandishwa kwa mkono, uuweke mahali hapo na uuache. Zile RMR zisizotumia betri kabisa, za nyuzi za mwanga na tritiamu (gesi inayotoa mwanga bila umeme), zina udhaifu huu huu bila kitufe cha kujiokoa. Kwa uwanja wetu wa jua kali singeshauri.

Bastola imeanza kukwama tangu ufunge kilengeo

Skrubu ndefu. Kwenye Glock za MOS (zilizochongwa kiwandani kupokea kilengeo), tundu la skrubu la upande wa kulia liko jirani na mfereji wa springi ya kile chuma kinachovuta ganda. Skrubu ikipita kina, inagusa humo, chuma kinabanwa, maganda hayatoki. Bastola ikiwa tupu, sukuma kile chuma kwa ncha ya kijiti. Kama kimekufa ganzi na kinafufuka ukilegeza skrubu ya kulia, umepata. Tumia skrubu zilizokuja na bati husika, usichanganye za mifuko miwili hata kama zinaingia.

Shabaha ya karibu, unapiga chini

Shabaha iko mita 3, nukta iko katikati ya kichwa, tundu liko kama sentimita 2 chini. Hilo ni umbo la mtambo: nukta iko juu ya mtutu, na mistari yao haijakutana bado. Pale karatasi ya asiyepigwa (ile ya adhabu ukiigonga) imefunika nusu ya shabaha, lenga juu kidogo. Usiguse kliki.

Mvua na vumbi

Vilengeo vingi vina taa iliyo wazi. Tone moja la maji au punje ya vumbi juu ya taa, na nukta inageuka fataki au inatoweka. Beba kijiti cha pamba na kitambaa laini, pulizia kwanza ndipo ufute. Kama unashindana msimu wa masika au uwanja wenu ni vumbi tupu, vilengeo vilivyofungwa pande zote kama Aimpoint Acro P-2 vinakuondolea shida hii, kwa gharama ya kioo kidogo.

Kama bado unanunua

Anza na kanuni za daraja lako, maana huamua mengi kabla yako. Mashindano ya bastola ya ISSF (shirikisho la kimataifa la kupiga shabaha, lile la Olimpiki) hayakubali kilengeo cha aina hii kabisa. Daraja la Carry Optics la USPSA na lile la CO (jina hilo hilo kwa kifupi) la IDPA, vyama viwili vya mashindano vya Marekani, yanataka kilengeo kikae juu ya slaidi. Daraja la Open la IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya kupiga kwa steji, linakuachia ukifunge kwenye fremu, mahali kisipokwenda na kurudi na slaidi. Doug Koenig aliposhinda ubingwa wa dunia wa IPSC kule Adelaide mwaka 1990 kwa kilengeo cha nukta, vilengeo hivyo vilikuwa mirija mizito isiyoweza kukaa kwingine.

Kisha angalia umbo la chini la kilengeo, kama linaingia kwenye slaidi yako moja kwa moja. RMR, DeltaPoint Pro na Acro kila moja ina nyayo zake. Ukipata cha kuingia bila bati, umepunguza skrubu za kulegea kwa nusu.

Ukubwa wa nukta unabishaniwa kuliko unavyostahili. MOA 6 kwa mita 25 inafunika sentimita 4.4, duara la katikati la IDPA lina sentimita 20. Haikufichi kitu. Macho yangu yamepita miaka hamsini, na nimetoka MOA 2.5 kwenda 5 kwa sababu naiona haraka zaidi bila kuongeza mwanga. Kijana anayepiga sahani za chuma za mbali atachagua kinyume.

Mwenzangu wa Kirigiti hakununua. Alinunua bisibisi ya kupima nguvu, na sasa kila tukikutana anaomba rangi ya kucha.